Tupige Picha Gani na Mvua Hii?

Kila mwaka mwezi wa kumi ukifika, kwenye kikundi chetu swali ni lile lile: tupige picha gani na mvua hii? Kiangazi simu zinajaa picha mpaka zinakataa. Mvua ikianza, kimya. Wa Kasese wanasema jua limepotea, wa Bwera wanasema matope yamefika magotini. Na mwenzetu mmoja aliyehamia Kanada anatuandikia kwamba kule saa kumi na moja jioni ni usiku kabisa, theluji imefunika magari, na yeye naye hana hamu ya kutoa simu mfukoni. Yaani ugonjwa ni mmoja, baridi tu ndiyo tofauti.

Tumeongea juu ya hili mara nyingi, na sasa tunasema wazi: tukiacha kupiga picha wakati wa mvua, zaidi ya nusu ya maisha yetu huku haitaonekana popote. Mvua zetu ziko mara mbili, mwezi wa tatu mpaka wa tano, halafu kuanzia mwezi wa nane au wa tisa mpaka karibu Noeli. Hesabu mwenyewe. Na wageni wenye kamera nzuri wanakujaga barabara ikiwa kavu, hatuwalaumu, hata sisi tungefanya hivyo. Lakini matokeo yake ni kwamba ukiangalia picha zetu walizopiga wao, utafikiri tunaishi kwenye vumbi na jua mwaka mzima, watoto wanacheka, kitambaa kimeanikwa kwenye kamba. Sufuria iliyowekwa katikati ya kitanda kukinga maji haimo. Daftari linalokaushwa juu ya mbabula (huku wanaita sigiri) halimo.

Familia moja ya wenzetu pale Bwera walipanga nyumba ambayo ukuta wake ulikuwa unalowa. Wakimwambia mwenye nyumba, anajibu kwamba ni kidogo tu, kitakauka. Dada wa nyumba ile akaanza kupiga picha ya ukuta ule ule, kutoka mlango ule ule, kila Jumapili baada ya ibada. Wiki ya kwanza doa lilikuwa kama sahani. Wiki ya nne lilikuwa limepita kimo cha mtoto. Hakugombana na mtu, akamwonyesha zile picha nne kwa mpangilio. Mabati mawili yakaja wiki ile. Hakuna aliyeziita picha nzuri, na sisi tunaona ndizo bora tulizopiga mwaka ule.

Kwa hiyo wazo la kwanza kwa anayesema hana wazo: chagua kitu kimoja usiende mbali nacho. Mti mmoja, njia moja ya kwenda kisimani, mlango mmoja wa duka. Kipige kila siku saa ile ile, mvua isimame isisimame. Baada ya mwezi utashangaa.

Kuna mzungu mmoja wa zamani tunapenda kumtaja, Josef Sudek, wa mji wa Praha. Alipoteza mkono wa kulia kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1940, mji wao ukiwa umekaliwa na jeshi la Wajerumani na kutembea na kamera barabarani ni hatari, alianza kupiga picha dirisha la studio yake mwenyewe. Dirisha tu. Likiwa na umande, likiwa na matone ya mvua, likiwa na barafu, na nyuma yake mti uliopinda. Aliendelea mpaka 1954. Miaka kumi na minne dirisha moja! Sisi ambao tumeshawahi kukaa ndani tukisikiliza kama milio iko mbali au inakaribia, tunamwelewa huyu mzee bila kufundishwa.

Sasa mwanga. Watu wanafikiri bila jua hakuna picha. Ni kinyume. Jua la saa sita la Kasese linatuharibia nyuso: macho yanakuwa mashimo meusi, paji la uso linang'aa kama limepakwa mafuta. Wingu linafanya kazi kama pazia jeupe lililotandazwa juu ya mji wote, mwanga unafika kila upande pole pole, na ngozi nyeusi inatoka na rangi yake ya kweli. Mweke mtu barazani, hatua moja ndani ya kivuli cha bati, ageukie nje. Halafu gusa uso wake kwenye kioo cha simu, ili simu ipime mwanga wa uso na siyo wa lile anga jeupe nyuma yake. Usipogusa, simu itamfanya awe kivuli. Hilo tu linabadilisha nusu ya picha zako, na ni bure.

Matone ya mvua yenyewe yanasumbua. Unapiga, unaangalia, huoni mvua hata kidogo. Siri ni mbili. Nyuma ya mvua pawe na kitu cheusi: mlango uliofunguliwa wa nyumba yenye giza, migomba, ukuta wa matofali. Na mwanga utoke nyuma au pembeni, siyo kwako. Jioni pale Mpondwe boda akija na taa amewasha, kila tone linaonekana kama uzi wa fedha. Au taa ya yule kijana anayekaanga chapati. Flashi ya simu usiwashe, itakuletea duara nyeupe tupu. Na mvua ikikatika usikimbie ndani, dakika kumi zinazofuata ndizo tamu: kila dimbwi limebeba mlima, bango na watu kichwa chini. Inama mpaka simu iguse karibu na maji. Watakucheka, waache.

Mlima tuuseme kidogo. Kuna watu wamekaa Kasese miezi na hawajawahi kuiona theluji ya Rwenzori, juu ya mawingu. Mwaka 1906 mpiga picha Mwitalia, Vittorio Sella, alipanda na msafara wa Duke wa Abruzzi akiwa na kamera nzito, na Bakonzo ndio waliobeba mizigo kule juu. Mawingu yalimsumbua kama yanavyotusumbua sisi. Alikuwa akisubiri masaa kwenye baridi ili pazia lifunguke kidogo. Picha zile wataalamu bado wanazilinganisha na za leo kuona barafu ilivyoisha, na imebaki kidogo mno. Kwa hiyo hata kusubiri wingu lipite ni kazi, msiite uvivu. Kwa wa Kasese: mvua ikinyesha usiku kucha ikaacha alfajiri, toka nje kabla ya saa moja asubuhi. Mara nyingi mlima unajionyesha wakati huo, halafu saa mbili umefungwa tena.

Mto ni habari nyingine, na hapa hatutanii. Nyamwamba inatoka kule mlimani, kwa hiyo inaweza kujaa ghafla wakati mjini hakuna hata tone. Mei 2013 ilibomoa nyumba na kuua watu, Mei 2020 ikarudi na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Lhubiriha nayo pale mpakani tunaijua. Ukisikia maji yamebadilisha sauti, au yamekuwa ya rangi ya chai ya maziwa na yanabeba vijiti, ondoka ukingoni. Picha ya mto piga ukiwa juu, mbali, na usimpeleke mdogo wako kusimama mbele "ili ipendeze".

Na watu? Mvua inawaondolea watu heshima haraka. Mtu analowa, nguo inamshika mwilini, anakimbia na mtoto mgongoni na kavera kichwani. Ndiyo, ni picha kali. Lakini ni picha yake au ni yako? Kuna mama mmoja jirani, tumpe heshima tusimtaje, alitoka upande wa Beni usiku, na album yote ya familia ikabaki. Hana picha ya harusi wala ya mume wake. Tulipoanza mafunzo yetu madogo alitukuta tunapiga watu wanaokimbia mvua sokoni. Akatuita.

"Wanangu, mnatafuta mtu aliyelowa?"

"Hapana mama, tunatafuta picha za mvua."

"Basi nipigeni mimi hapa barazani, mvua iko nyuma yangu. Ngojeni nivae kwanza."

Akaingia, tukamngoja kama nusu saa hivi, tukafikiri ameghairi. Akatoka na kitenge cha njano na kilemba, akakaa kwenye kiti, mikono juu ya magoti, hakucheka. Nyuma yake maji yanaanguka kutoka kwenye bati kama pazia la shanga. Tulimchapishia pale mjini, karatasi kubwa. Sasa iko ukutani, na mtoto wake aliye Nairobi ameiweka kwenye simu yake.

Tangu siku hiyo utaratibu wetu ni kuuliza kwanza. Akikataa, asante, tunaondoka. Na wenzetu wa mashirika mnaosoma hapa, hili ni lenu pia: mkiomba picha wakati wa kugawa turubai, mtu aliye kwenye foleni hawezi kusema hapana kwa uhuru. Mngojeni arudi nyumbani. Pale kwenye geti la mpaka, askari na maofisa msiwapige kabisa. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, kuna miavuli na magambuti ya kutosha mbali na geti.

Ya simu haraka haraka. Kavera ya plastiki, toboa tundu la lenzi, funga na mpira. Futa lenzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, shati lililolowa linaacha mafuta na ukungu. Sola haichaji vizuri mawingu yakiwa mazito, na kibandani unalipa kila mara, kwa hiyo zima data ukienda kupiga, punguza mwanga wa kioo. Yule wa Kanada anaongeza: baridi inamaliza betri, iweke simu karibu na mwili, na ukiingia ndani kwenye joto usiitoe mara moja, lenzi itashika ukungu.

Wiki hii tunapiga "vitu vinavyokaushwa ndani ya nyumba". Viatu, muhogo, nguo za shule, kitambulisho kilicholowa (namba ifunikeni), chochote. Picha moja kwa mtu, na mistari miwili ya kuieleza. Wa Kasese tumeni mpaka Alhamisi jioni. Wa Bwera tukutane Jumamosi saa nane, mahali pale pa kawaida, hata ikinyesha. Mwenye mwavuli mkubwa aje nao.