Kungoja Mlangoni pa Chumba cha Upasuaji



Sisi watu wa Kamina tumezoea kungoja. Tangu mwaka 1928, reli ya kutoka Bukama ilipofika Ilebo, mji wetu umekuwa mji wa magari ya moshi; na mwaka 1956 ikaongezeka njia ya kwenda Kabalo, tukawa njia panda. Mtu huchukua mizigo yake, huketi stesheni, hungoja. Gari huenda likaja leo, huenda likaja kesho kutwa. Lakini anayengoja gari la moshi aweza kurudi nyumbani akala, akalala, akaja tena. Kuna kungoja kwingine ambako mtu hawezi kurudi nyumbani, wala chakula hakipiti kooni.

Mwezi wa Agosti mwaka 2018, mimi na mama wa watoto wangu tulingoja hivyo katika hospitali moja ya hapa kwetu. Naandika habari hii kwa sababu wazazi wengine wanaketi pale tulipoketi sisi, na ndugu zao hawajui waseme nini wala walete nini.

Mtoto wetu wa nne alizaliwa na miguu imepinda, yote miwili. Nyayo zilitazamana, visigino vilivutwa juu, vidole vilielekea ndani. Ugonjwa huo huitwa mguu kifundo. Wala si jambo la nyumba moja. Duniani pote, katika watoto 1000 wanaozaliwa, mmoja hivi huzaliwa nao, na wavulana huupata kama mara mbili kuliko wasichana. Karibu nusu yao wamepinda miguu yote miwili.

Kijijini alikozaliwa watu hawakuhesabu hivyo. Wao walitafuta mwenye kosa. Wengine walimtaja mama yangu, nkambo wa mtoto, kwa kuwa ni mzee na macho yake ni mekundu kwa moshi wa jiko. Mama hakujibu neno. Alimfunga mtoto mgongoni kwa kikwembe, akambeba, akaendelea kumbeba hata alipokuwa mzito kwake.

Wakati wake ulipotimia, mtoto alitembea. Alikanyaga kwa upande wa nje wa miguu, na ngozi ya pale ikawa ngumu kama kisigino cha mkulima. Alicheza mpira na wenzake. Walimweka golini, naye akapenda kuwa golini. Basi tulipoanza kusema habari za kumpasua, kaka yangu mkubwa alikuja nyumbani jioni, akaketi, akasema:

«Mdogo wangu, mtoto anatembea. Anakula, anacheka, anacheza. Watu hupasuliwa wapate kuokoka kifo, si wapate kuvaa viatu. Akilala asiamke, utatuambia nini?»

Neno hilo halikuwa neno la mjinga. Kaka yangu anampenda mtoto huyu kuliko wanawe wengine, na alisema yale ambayo mimi mwenyewe nilikuwa nayo rohoni usiku. Mtoto mwenye homa kali, mzazi humkimbiza hospitali pasipo kuuliza. Lakini mtoto mzima, mwenye kucheka, kumtia mkononi mwa mtu mwenye kisu, hilo lataka moyo wa namna nyingine.

Nilimpelekea daktari maneno ya kaka yangu kama yalivyo. Daktari hakukasirika. Alisema: «Baba, leo miguu hii inabeba kilo 18. Siku moja itabeba kilo 60, nayo itazibeba kwa ngozi isiyoumbwa kwa kukanyagia. Vidonda vitakuja, maumivu yatakuja, na kulima kutwa nzima hataweza. Kuhusu dawa ya usingizi, hatari ipo. Ni ndogo, na tutamlinda. Lakini siwezi kukuambia haipo.»

Nilimshukuru kwa neno lile la mwisho. Kama angesema hapana hatari yoyote, nisingemwamini katika mengine.

Mtoto naye aliulizwa na mama yake, maana miguu ni yake. Alikuwa na miaka sita. Akasema: «Mnanipeleka nipate kuvaa viatu vya shule?» Mama yake akamjibu ndiyo. Akasema: «Basi, twende.»

Hawakuanza kwa kisu. Kwa muda wa majuma tisa tulimpeleka kila juma. Walimnyosha miguu kwa mikono, pole pole, kidogo tu kila mara, kisha wakaifunga plasta ya jasi kuanzia vidoleni hata juu ya goti. Juma lililofuata waliikata plasta, wakanyosha tena kidogo, wakafunga nyingine. Kila plasta ilipotoka tuliona mguu umegeuka kuliko juma lililopita. Mwisho ukabaki ukano mnene unaoshika kisigino kwa nyuma: ulikuwa mfupi mno, ukakivuta kisigino juu. Huo, na viungo vilivyokazana nyuma ya kifundo, ndivyo vilivyohitaji kisu.

Siku ikafika. Tangu usiku mtoto hakupewa chakula, maana mwenye tumbo lililojaa akilazwa usingizi ule aweza kutapika, na matapishi yakaingia mapafuni. Alfajiri aliomba uji. Mama yake aligeukia ukuta, akajifanya anakunja nguo. Nami nikapewa karatasi ya kutia sahihi. Mimi ni karani; kalamu ni jembe langu, na kwa siku moja naandika jina langu mara nyingi. Asubuhi ile niliandika herufi moja moja kama mtoto wa darasa la kwanza. Kisha muuguzi alimpakata mtoto, mlango ukafungwa. Ilikuwa saa mbili na robo.

Nyuma ya hospitali pana uwanja chini ya miembe, ambapo walinzi wa wagonjwa wanapika. Kila mmoja ana mbabula yake, sufuria yake na jerikani ya maji. Sisi tulikuwa wageni wa siku moja. Wengine walikuwa wamekwisha kukaa pale mwezi na zaidi. Mama wa watoto alichukua kikwembe cha mtoto, akakifua. Kilipokauka kwa jua la kiangazi, akakifua tena. Mimi nilikuwa nikizunguka, kutoka mwembeni hata mlangoni, kutoka mlangoni hata mwembeni.

Mzee mmoja aliyekuwa akimlinda mkewe aliniita. Akasema: «Baba ya mtoto, keti. Ukizunguka hivi, mama yake atasoma katika miguu yako habari ambayo haijafika.»

Nikaketi.

Saa tatu na nusu mlango ulifunguliwa kwa nguvu, muuguzi akatoka mbio, akavuka uwanja, akaingia nyumba nyingine, akarudi na kisanduku mkononi. Hakututazama. Sisi wawili tulisimama pamoja kama tulioitwa. Mwanamke aliyekuwa akisonga bukari karibu nasi hakuacha kusonga. Alisema tu: «Wanatoka hivyo kila mara. Walitoka hivyo na kwa mwanangu. Ketini.» Kisha alitutengea bukari na sombe kidogo, tukanawa mikono, tukala tonge moja moja kwa heshima yake. Mwanawe alikuwa na ugonjwa wa maji kichwani, naye alikuwa akingoja kwa juma la tano. Sikusikia akituuliza sababu ya ugonjwa wa mtoto wetu, wala nani katika ukoo alianza. Alituuliza kama tuna makala ya kutosha kwa usiku.

Nilikuwa na rozari mfukoni. Niliishika, lakini kila nilipofika katikati ya fungu nilisahau hesabu, nikaanza tena. Niseme kweli, saa ile sikuweza kuomba kwa maneno mengi. Nilikuwa na neno moja tu: aamke. Habari ya miguu ilikuwa imenitoka kabisa. Majuma tisa nilitazama miguu, nikapima miguu, nikaota miguu. Na saa ile, kama mtu angeniambia mtoto ameamka na miguu yake imebaki vile vile, ningepiga magoti kwa furaha. Mzazi akipatwa na wazo la namna hiyo asishangae wala asione haya. Si kwamba amejuta. Ni kwamba mambo yote yamerudi mahali pake, la kwanza mbele na la pili nyuma.

Na yule kaka yangu mkubwa, aliyekataa? Saa nne alitokea uwanjani amevaa koti lake la kanisani, na gunia la makala begani. Alisalimu, akaketi karibu nami. Hakutaja neno lake la ile jioni, wala mimi sikulitaja. Tulikaa hivyo, mabega yetu yakigusana, tukisikia gari la moshi likipiga honi huko stesheni.

Saa tano na dakika kumi daktari alitoka. Alisema kazi imekwisha, na mtoto anapumua vizuri. Mama wa watoto alikaa chini pale pale penye vumbi.

Ndugu wasomaji, mnangoja niwaambie kwamba mtoto aliamka akatabasamu. Aliamka akilia, akataka maji, akatapika. Aliponiona alinitazama kwa muda, kisha akageuza uso kwa mama yake. Hakunisemesha hata jioni. Kwa mtoto wa miaka sita, baba yake ndiye aliyemkabidhi kwa watu waliomwumiza, na katika hilo hakusema uongo. Sikumlazimisha. Nilikaa upande wa miguuni pake nikifukuza nzi. Kulipokuwa giza alisema: «Baba, viatu viko wapi?»

Viatu havikuja upesi. Alikaa na plasta majuma mengine sita. Baadaye alivaa usiku viatu vya pekee vilivyounganishwa kwa fimbo ya chuma, miguu itazame nje, kwa maana mguu uliopinda hutamani kurudi ulikotoka. Wazazi wengi huchoka hapo, na kazi yote huharibika. Leo mtoto wetu ni kijana wa sekondari. Mapaja ya miguu yake chini ya goti ni membamba, nayo yatabaki membamba. Akikimbia sana huumwa. Lakini anakanyaga kwa wayo, na viatu vyake hununuliwa sokoni kama vya wenzake.

Nimejifunza mambo mawili ambayo yafaa kila nyumba iyajue.

La kwanza: wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo afikishwe hospitali katika majuma yake ya kwanza, mifupa ikingali laini. Daktari Ignacio Ponseti, aliyezaliwa Hispania mwaka 1914 akafanya kazi yake Iowa huko Marekani, ndiye aliyeonyesha kwamba kwa plasta tano au sita hivi, na mkato mdogo wa ukano, mguu wa mtoto mchanga hunyoka pasipo upasuaji mkubwa. Wenzake walikawia miaka mingi kumsikiliza. Alifariki mwaka 2009 njia yake imekwisha kuenea duniani. Jirani zetu wa Uganda waliianza mwaka 1999, wakawafundisha matabibu wasio madaktari kunyosha na kufunga. Basi haihitaji mashine kubwa. Yataka mikono iliyofundishwa, plasta, na mzazi asiyechoka kuja kila juma. Wala chanzo chake si macho ya nkambo. Mguu hupinda mtoto akingali tumboni, na hapana mtu aliyeupinda.

La pili ni la ninyi mlio jirani na ndugu. Mkisikia mtoto wa fulani anapasuliwa, msingoje habari nyumbani. Nendeni uwanjani. Chukueni makala, maji safi, unga, na sabuni. Msiende na hadithi za watu waliolala wasiamke. Mzazi anazijua zote, amezisimulia mwenyewe usiku kucha. Ikiwa mlikataa jambo lile, na nia yenu haijageuka, nendeni hivyo hivyo. Kaka yangu hata leo hajaniambia kwamba nilifanya vema. Lakini makala yake ndiyo tuliyopikia uji usiku ule, mtoto alipopata njaa.