Zawadi za Sultani wa Kilwa



Tunawaandikia kutoka Kibirichia, katika nchi ya Meru, kwenye mteremko wa kaskazini wa Mlima Kenya, ambako watu hulima viazi na asubuhi huwa za baridi kali. Huku tunasomesha darsa ndogo ya akina mama. Hivi karibuni Mwenyezi Mungu alitujaalia safari tuliyoitamani tangu ujana wetu: kuzuru Kilwa Kisiwani.

Tulivuka kwa mashua kutoka Kilwa Masoko, tukaingia Msikiti Mkuu. Sehemu yake kongwe ni ya karne ya 11. Nyongeza yake kubwa, yenye kuba za mawe ya matumbawe na chokaa, hunasibishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa karne ya 14. Baadhi ya kuba hizo zingali zimesimama. Tulizuru pia makaburi ya masultani, tukawatolea salamu na kuwaombea maghufira, kwani aliye kaburini ndiye mhitaji wa dua zetu.

Sultani al-Hasan ndiye aliyekutwa na Ibn Battuta mwaka wa 1331. Watu walimwita Abul-Mawahib, yaani Baba wa Vipawa, kwa ukarimu wake. Msafiri huyo asimulia kwamba siku moja ya Ijumaa, Sultani akitoka kusali, fakiri kutoka Yemen alimsimamisha akamwomba nguo alizovaa, tena saa ile ile. Sultani hakumwambia arudi kesho. Aliingia nyumba ya khatibu, akavaa nguo nyingine, akamwita fakiri achukue zile.

Kisa hiki tumekihubiri miaka mingi, na kila mara tulikikomesha hapo. Lakini hakikomei hapo. Mwana wa Sultani alizichukua tena nguo zile kwa fakiri, akampa badala yake watumwa kumi. Naye Sultani, aliposikia jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fakiri aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta aeleza pia kwamba Sultani alikuwa akivamia nchi za Wazanji na kuteka nyara.

Chini ya kuba zile tuliona haya. Tulikuwa tumesoma kisa kizima, tukawapa watu nusu.

Tuliporejea Kibirichia tulikisimulia chote. Mama mmoja wa Kimeru, aliyesilimu ukubwani, alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sheikh, fakiri alipata pembe, na Sultani akapata sifa. Na wale watu ishirini, wao walipata nini?"

Tulinyamaza. Tungeweza kusema kwamba zama zile zilikuwa hivyo, na kwamba dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada kubwa. Yote hayo ni kweli, lakini hayakuwa jibu la swali lake. Tukamwambia: "Mama, hawakupata kitu." Kisha tukawaombea wale ishirini ambao majina yao hayakuandikwa, na tukamwombea Sultani msamaha wa Mola wake.

Tangu siku hiyo tumezitenga zawadi zile mafungu mawili. Nguo zilitoka mwilini mwake mwenyewe, na huo ni ukarimu. Watu ishirini walitolewa katika uhai wa wengine, na sifa zikamwendea yeye.

Tuyatazame haya majumbani mwetu. Pengine twapeleka sinia la futari kwa jirani, nasi tukaitwa wakarimu, ilhali binti anayetupikia hajalipwa mshahara wa mwezi wa pili. Pengine baba huchangia ujenzi wa msikiti mbele ya watu, na mkewe nyumbani hana matumizi. Mtume wetu (S.A.W.) ametuusia kwamba mwajiriwa alipwe kabla jasho lake halijakauka. Basi kabla ya kutoa sadaka, tujiulize imetoka mgongoni mwa nani.

Nendeni Kilwa mkijaaliwa, nanyi wazazi wapelekeni watoto. Waonyesheni uzuri wa kuba, wasimulieni habari ya zile nguo, na msiwafiche wale ishirini.

Wabillahi tawfiq.