CD ya Mzee

Mafundi wa kompyuta mitaani wana neno moja ninaloliogopa kuliko virusi: kupiga window. Mashine haiwaki? Inapigwa window. Inawaka lakini nzito? Inapigwa window. Na kweli inarudi safi. Mara nyingi safi kwa maana kwamba kila ulichoandika humo kimefutwa.

Kwa baba yangu, mwalimu mstaafu anayeishi nje kidogo ya mji wa Singida, kilichomo ni ngano. Tangu astaafu anaziandika zile alizosimuliwa utotoni, kwanza kwa Kinyaturu, halafu chini yake Kiswahili. Faili arobaini na moja. Waliomsimulia karibu wote tumeshawazika. Anaandikia kompyuta ya mezani yenye Windows XP, mfumo uliotoka mwaka 2001 na ambao Microsoft iliacha kuuhudumia tarehe 8 Aprili 2014. Mzee hana habari na hilo. Mashine haina intaneti, yeye ana ngano zake.

Tabia ya mashine hiyo ilikuwa moja: haiwaki bila CD ya window kuwemo ndani. Unaiweka, skrini inakuambia ubonyeze kitufe chochote ili uanzie kwenye CD, na wewe hubonyezi. "Usiguse kitu!" Baba alikuwa akituonya hivyo hata wageni. Unakaa mikono mapajani kama unapigwa picha ya pasipoti, sekunde chache zinapita, mashine inaendelea yenyewe. Aliishi hivyo miaka mitatu, mpaka CD ikachubuka kwa kutolewa na kurudishwa. Yakabaki maandishi meupe ya Kiingereza: weka diski ya mfumo, kisha bonyeza Enter.

Fundi mmoja mjini aliitazama dakika mbili. "Mzee, hapa ni kupiga window tu."

"Na hadithi zangu?"

"Si utaandika nyingine, mzee."

Baba akaipakia mashine kwenye bodaboda, akarudi nayo nyumbani, akanipigia simu. Nikapanda basi kutoka Dodoma.

Kompyuta ikiwashwa, kabla ya Windows huamka programu ndogo iitwayo BIOS, inayokaa kwenye bodi yenyewe. Ikishakagua vifaa, hupita mlango kwa mlango kwa kufuata orodha, ikiuliza nani ana mfumo wa kuwasha. Nilibonyeza Delete mapema, nikaingia kwenye orodha hiyo. Flopi. CD. Mtandao. Hard disk haikuwemo kabisa! Aliyeweka XP mara ya kwanza alipanga mashine ianzie kwenye CD, kama inavyotakiwa wakati wa kuinstoli, kisha akachukua hela yake bila kuurudisha mpangilio. Nayo CD ya XP ina adabu zake: usipobonyeza kitufe, huikabidhi kazi hard disk. Kumbe miaka yote mitatu CD ilikuwa inamshika mkono mgeni na kumpeleka chumbani. Hard disk ilikuwa nzima.

Nikaiweka hard disk ya kwanza, nikahifadhi, mashine ikawaka. Nilibadilisha pia betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu, maana ikichoka, umeme ukikatika mipangilio hupotea.

Linalonisumbua ni ile sentensi ya kwenye skrini. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, na menyu zikaanza kusema Kiswahili. Lakini pale mlangoni, kabla programu yoyote haijaamka, mashine ya mzee bado inasema Kiingereza, tena Kiingereza cha amri. Baba alikisoma sawasawa. Kilisema weka diski, akaweka diski. Hakikusema: nimeangalia milango mitatu, wa nne sikuambiwa niuangalie. Angeambiwa hivyo, kwa lugha yoyote kati ya tatu anazozijua, angeuliza ule wa nne uko wapi.

Tulinakili faili zote kwenye flashi mbili, moja nikaondoka nayo. Kuhusu CD, mzee aliigeuzageuza, akasema inang'aa vizuri mno kutupwa. Akaitoboa, akaitia uzi, akaenda kuitundika shambani kwenye mtama, iwatishe kweleakwelea.