Matufaa ya Karameli na Ile "Dakika Moja Tu"

Katika nyumba yetu kulikuwa na ahadi iliyoahirishwa Jumamosi tatu mfululizo. Tuliwaahidi watoto kwamba tutawatengenezea matufaa yaliyovikwa karameli na chokoleti, kama yale waliyoyaona katika kitabu cha picha. Jumamosi ya kwanza tulikuwa zamu wodini. Ya pili kulikuwa na kikao cha walimu wa shule ya Jumapili. Ya tatu tulikwenda msibani kwa mama mwenzetu wa kwaya. Kila mara tulisema, "Jumamosi ijayo, wanangu." Watoto wa muuguzi hujifunza mapema maana ya neno "ijayo".

Utamu huu umetokea Marekani, ambako matufaa huvunwa kwa wingi majira ya vuli, na akina mama huko huyatengeneza zaidi mwezi Oktoba. Lakini si lazima tuwe Marekani. Matufaa yetu ya Njombe, yale madogo yenye uchachu kidogo, yanafaa sana, kwa sababu uchachu wake huukata utamu wa sukari.

Jumamosi ya nne ilipofika tulikuwa na saa moja tu kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Tukawasha gesi kwa moto mkubwa ili karameli iive upesi. Binti yetu mkubwa alikuwa akichoma vijiti kwenye matufaa, na kitinda mimba wetu wa miaka saba amesimama juu ya kigoda akichungulia sufuria. Mara hodi getini. Alikuwa mwenzetu wa kamati, amekuja kuuliza habari za michango ya sare. Tukasema, "Dakika moja tu, wanangu, msiguse kitu."

Wengi wetu tunaijua dakika hiyo. Tulirudi mbio kwa sababu ya yowe. Mtoto alikuwa amechovya vidole viwili aonje.

Maji yanayochemka hufikia nyuzijoto 100. Karameli ya kuvika matufaa hufikia karibu nyuzijoto 118, na tena haichuruziki kama maji. Hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza. Haya tumeyafundisha kliniki kwa miaka mingi. Hata hivyo, mkono wetu wa kwanza ulitaka kuibandua ile sukari. Tukajizuia. Anayebandua sukari iliyonata hubandua na ngozi.

Tulimpeleka kwenye pipa la maji nyuma ya nyumba, na binti mkubwa akawa anachota kwa jagi na kumimina polepole juu ya mkono, jagi baada ya jagi, kwa dakika 20. Ni muda mrefu kuliko unavyodhani mtoto anapolia. Jirani mwema alikuja na dawa ya meno, mwingine akashauri ute wa yai. Tuliwashukuru, lakini tukakataa. Vitu hivyo havipozi jeraha, na huweza kuleta uchafu ndani yake. Barafu nayo haifai, kwa maana huumiza ngozi iliyokwisha kuumia. Maji safi ya baridi ya kawaida yanatosha. Kisha kitambaa safi, na moja kwa moja hospitali, maana mtoto aliyeungua mkono au uso ni wa kuonwa na daktari hata kama jeraha ni dogo.

Huko alisafishwa jeraha na muuguzi mwenzetu. Hakutuuliza ilikuwaje, na kunyamaza kwake kulituuma, kwa kuwa sisi ndio tunaosimama mbele ya akina mama kliniki na kuwaambia wasiache sufuria motoni na mtoto jikoni. Usiku, tulipomfunika shuka, kitinda mimba alisema neno moja tu: "Mama, usiende tena getini."

Tulitaka tuachane kabisa na matufaa. Lakini baada ya wiki tatu, vidole vilipopona na kuacha alama ndogo, mtoto mwenyewe aliuliza, "Tutayamaliza lini?" Baba yao akachukua chaki, akachora mstari sakafuni, hatua mbili kutoka kwenye jiko. Mstari huo hauvukwi na mtoto wakati moto unawaka. Nasi tukatuma habari mapema kwa mwenyekiti wa kamati kwamba Jumamosi hiyo hatutakuwepo. Kikao kilifanyika bila sisi, na hakikuharibika.

Sasa namna ya kutengeneza. Osha matufaa madogo manane. Yale ya dukani kutoka nje mengi hupakwa nta, na karameli haishiki juu ya nta. Yachovye kidogo katika maji ya moto kisha uyafute kwa kitambaa mpaka yakauke kabisa. Choma kijiti imara upande wa kikonyo. Paka sinia siagi kidogo.

Katika sufuria nzito weka kopo moja la maziwa mazito matamu, kikombe kimoja cha sukari ya kahawia (gramu 200), siagi gramu 100, vijiko viwili vya asali na chumvi kidogo sana. Pika kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, kama dakika 15 hadi 20. Ukiongeza moto, maziwa yatashika chini. Kujua kama imeiva, dondosha tone katika kikombe cha maji baridi. Likifanya donge gumu kiasi linalobonyea kwa kidole, epua. Ngoja dakika tatu ipungue moto na kuwa nzito, kisha mama, si mtoto, achovye matufaa na kuyapanga kwenye sinia.

Karameli ikishapoa na kushika, ndipo watoto waingie kazini. Yeyusha chokoleti gramu 200 katika bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, bila bakuli kugusa maji. Hakikisha bakuli na kijiko ni vikavu, kwani tone moja la maji hufanya chokoleti igande na kuwa kama uji uliokatika. Leta bakuli mezani, mbali na jiko. Hapo watoto wachovye na kunyunyizia karanga zilizotwangwa. Mtoto wa chini ya miaka minne asipewe karanga wala tufaa zima. Mkatie vipande vyembamba.

Jambo la mwisho. Yale siku ileile, au uyaweke kwenye friji na uyamalize upesi. Mwishoni mwa mwaka 2014 huko Marekani, matufaa ya karameli yaliyotengenezwa kiwandani yalileta ugonjwa wa vijidudu vya listeria. Watu 35 waliugua, 34 wakalazwa hospitalini, na 11 kati ya wagonjwa hao walihusiana na ujauzito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba tundu la kijiti hutoa maji ya tufaa yanayokaa chini ya karameli, na vijidudu huzaana humo upesi yakiachwa nje ya friji. Mama mjamzito asile yaliyolala mezani.

Siku ile tulitengeneza manane. Mawili yaliteleza karameli ikabaki chini, na moja lilianguka sakafuni. Kitinda mimba alichovya lake mwenyewe kwenye chokoleti, kwa mkono wenye alama, polepole, akitutazama usoni kila mara. Katikati ya kazi hiyo kulipigwa hodi getini. Mtoto alisimamisha mkono. Tukamwambia dada yake mkubwa, "Nenda ukawaambie mama ana kazi na watoto wake, wakaribie baadaye."

Akaendelea kuchovya.