Termoflashi na Daftari Kwenye Bichi ya Idjwi

Idjwi haina mlango mmoja. Kisiwa kizima, toka Rubenga kaskazini hadi Ntambuka kusini, kimezungukwa na vighuba, na kila kighuba ni bichi ya watu fulani. Hapa wavuvi wa sambaza wanaanika nyavu, pale pirogi ya motere inapakia mananasi na mihogo ya kwenda Bukavu, na upande wa mashariki kuna mchanga ambako kahawa imevuka usiku kwenda Rwanda kwa miaka mingi bila kuomba ruhusa ya mtu. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba bandari za Ziwa Kivu zitawekewa vituo vya afya, wazee walitaka kujua kwanza ni bandari gani hizo.

Ebola ilikuwa imetangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018. Kwa barabara Beni ni mbali na sisi, ila watu wa Kivu hawapimi mbali kwa kilomita. Mzigo wa Butembo ulikuwa ukifika Goma kwa lori, Goma ukapanda boti, na boti za kwenda Bukavu zilikuwa zikipita mbele ya macho yetu. Ugonjwa ungeweza kusafiri na mzigo huo huo.

Mimi nilipewa kazi ya daftari. Vituo vilikuwa vya Programu ya Taifa ya Usafi Mipakani, na Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilikuwa likisaidia. Kituo chetu kilikuwa hema, meza, ndoo yenye bomba na maji ya klorini, termoflashi ya kupimia joto, na daftari kubwa la mistari. Abiria anashuka, ananawa, anapimwa joto kwenye kipaji cha uso, halafu anakuja mbele yangu: jina, umetoka wapi, unaenda wapi, namba ya simu.

Termoflashi ilitupa taabu tangu siku za mwanzo. Imetengenezwa kama bastola, na watu wa hapa wameona vita tangu 1996. Mama mmoja alifumba macho, akakaza mabega, akangoja mlio. Tulijifunza kumwonyesha mtu kifaa kwanza na kujipima sisi wenyewe mbele yake. Tena abiria aliyekaa saa nyingi ndani ya pirogi bila kivuli anafika kipaji kikiwaka. Tukimpima papo hapo ni mgonjwa, tukimkalisha chini ya mparachichi kidogo ni mzima. Na aliyevuka alfajiri, na upepo wa ziwa usoni, kipaji chake ni baridi hata akiwa na malaria ya kumlaza.

Lakini ugumu wenyewe ulikuwa kwenye daftari. Umuulize vipi mama aliyekulea jina lake?

"Unaniuliza miye jina?" mmoja aliniambia, mbele ya foleni nzima. "Nilikubeba ku mugongo!"

"Ni kazi, mama."

"Basi andika: mama aliyekubeba."

Niliandika jina lake bila kumwuliza tena, maana nililijua. Lakini kwa safari yake sikuthubutu kumkazia. Alisema ametoka Kalehe, nikaandika Kalehe, ingawa vitenge alivyobeba vilikuwa vya Goma.

Hapo ndipo nilipoelewa kituo kinafanya nini na hakifanyi nini. Ebola inaweza kukaa mwilini hadi siku 21 kabla ya homa kuanza. Katika siku hizo hakuna termoflashi itakayomkamata mtu, hata ikiwa nzima na betri mpya. Kinachoweza kusaidia ni ile mistari minne ya daftari, ili akiugua baadaye waganga wajue alikaa na nani ndani ya boti. Na mistari hiyo ina thamani ya ukweli ambao mtu amekubali kukupa, basi.

Tarehe 14 Julai 2019 tulisikia kwamba Ebola imefika Goma. Mchungaji mmoja alikuwa ametoka Butembo kwa basi, akapita vituo vitatu vya afya njiani, na kila kituo akataja jina tofauti. Pale kwetu hakuna aliyeshangaa sana. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza hali ya dharura ya kimataifa, na likazionya nchi zisifunge mipaka. Tarehe 1 Agosti Rwanda ilifunga mpaka wake na Goma, ikaufungua tena baada ya saa chache.

Kilichotutikisa sisi ni habari ya tarehe 16 Agosti: Ebola iko Mwenga, Kivu Kusini. Mama mmoja alikuwa amesafiri na watoto wake kutoka Beni, kwa basi, kwa boti na kwa barabara. Kwa boti! Ziwa letu lilikuwa limembeba. Wiki ile watu waliokuwa wakipinda kona ili wasipite kwenye hema walikuja wenyewe, wakanyoosha vipaji, wakataja majina yote matatu na la babu. Hofu ilifanya kazi ambayo mahubiri yetu ya miezi yalishindwa kuifanya. Ilidumu muda mfupi.

Nikiulizwa ni chombo gani kilikuwa na faida pale bichi, nitasema ndoo. Wakubwa wetu hawapendi jibu hilo. Mama yangu alikumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika Goma na wengine kuvuka ziwa kuja kwetu, na kipindupindu kikaua maelfu kwa maelfu huko Goma katika wiki chache. Kipindupindu hakikuondoka kwenye ziwa hili; kinalala, kinaamka. Kwake ndoo ya klorini haikuhitaji kuelezwa. Alikuwa akija kunawa hata siku ambazo hasafiri popote, akirudi na mikono inayonuka javeli, ameridhika kabisa.

Kanuni za Afya za Kimataifa za 2005, zilizoanza kutumika Juni 2007, niliwahi kuzisoma zilizochapwa kwa Kifaransa. Ni maandishi ya busara. Yanataka nchi zijikinge bila kuvuruga safari na biashara kupita kiasi. Ila yamemwazia nahodha mwenye meli, cheti cha usafi wa meli na orodha ya abiria. Nahodha wetu wa pirogi orodha yake iko kichwani, na nusu yake ni majina ya utani.

Halafu ikaja korona. Rwanda ilifunga mipaka tarehe 21 Machi 2020, na siku tatu baadaye Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura kwetu Kongo. Doria za majini ziliongezeka, kahawa na mananasi vikakosa pa kwenda, na nilisikia watu wazima wakisema afadhali ile Ebola, maana hiyo ilituachia soko. Ilikuwa kauli ya njaa. Ebola ile, ilipotangazwa imekwisha tarehe 25 Juni 2020, ilikuwa imeua watu 2,287.

Hema liling'olewa muda si mrefu. Mkataba wangu ukaisha nalo, nikarudi kwenye mananasi.

Mwaka 2024 ugonjwa mwingine ulisambaa kutoka Kamituga, jimboni mwetu, nao ukatangazwa dharura ya dunia tarehe 14 Agosti: mpox. Baadaye nilishuka Bukavu na mzigo, nikamkuta msichana mwenye meza, ndoo na daftari. Safari hii walitazama ngozi pia. Akaniomba nifungue viganja, nikafungua. Nyuma yangu alikuwa mama wa Idjwi na beseni kichwani, naye alipoombwa akamtazama msichana toka juu hadi chini.

"Na weye, mutoto wangu, yako nani ameitazama?"

Msichana akacheka, akaweka kalamu chini, akamfungulia viganja vyake vyote viwili.