Kompyuta haijarogwa, imeelekezwa vibaya!

Mjini hapa ukitaka kupotea, muulize njia mtu aliyehama mtaa miaka mitano iliyopita. Atakwambia kata kona kwenye mwarobaini, kumbe mwarobaini ulishakatwa na pale pana duka la simu. Hajakudanganya. Anaujua mtaa wa zamani.

Basi na kompyuta ni hivyo hivyo, jamani.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza programu, na juzijuzi nilipewa kibarua na chama kimoja cha akiba na mikopo. Wanachama walikuwa wamekubaliana kupunguza riba kutoka asilimia 2 kwa mwezi hadi 1.5. Kwa mkopo wa milioni moja, hiyo ni tofauti ya shilingi 5,000 kila mwezi. Wewe unaweza kuiona ndogo, lakini mama anayeuza chapati anajua uzito wake.

Ninatumia Vim, programu ya kuandikia iliyotolewa mwaka 1991 na Mholanzi Bram Moolenaar. Huyu bwana, aliyefariki Agosti 3, 2023, alijitolea mwaka 1994 kwenye kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda, hapo kwa jirani zetu. Vim aliitoa bure, akaomba tu anayeipenda awachangie watoto wale. Ukiandika :help uganda ndani yake, utayasoma hayo.

Uzuri wa Vim, ukiweka kishale juu ya jina la kipande cha programu, ukabonyeza Ctrl pamoja na mabano ya mraba ya kufungia, inakurusha moja kwa moja hadi kipande hicho kilipoandikwa.

Nikabonyeza kwenye neno "riba". Paa! Nikarushwa. Ila nilipotupia jicho chini ya skrini, jina la faili likanishtua. Halikuwa la folda ya "kazi", bali la folda ya "akiba", nakala kuukuu iliyoachwa na fundi aliyenitangulia. Nikarudi kwa Ctrl-T, nikajaribu tena. Kulekule!

Hapo ndipo vijana wengi huanza: mara virusi, mara mashine kimeo, wengine wanafuta kila kitu na kuanza upya. Acheni hizo! Vim yenyewe haijui njia. Inasoma faili liitwalo "tags", linaloandikwa na programu nyingine, ctags. Humo kila jina lina faili lake. Jina moja likiwa kwenye mafaili mawili kama hivi, mistari inapangwa kwa alfabeti, na Vim inashika wa kwanza. "Akiba" inaanza na A, "kazi" inaanza na K. Ulitegemea nini?

Sasa fikiria mtu angebadilisha riba kule kwenye akiba. Kompyuta isingelalamika hata kidogo. Wanachama wangeendelea kukatwa asilimia 2, huku katibu akiapa kwamba imeshapunguzwa. Watu wameshikana mashati vikaoni kwa mambo madogo kuliko hayo.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, bonyeza g halafu ] na utaletewa orodha ya njia zote, uchague mwenyewe. Pili, andika ramani mpya ukiwa kwenye folda kuu:

ctags -R --exclude=akiba .

Nukta ya mwisho usiisahau, maana yake ni "anzia hapa nilipo". Na kila ukihamisha mafaili, rudia, la sivyo ramani inachakaa tena.

Nilipobonyeza baada ya hapo, nikatua kwenye "kazi". 1.5 ikaingia panapostahili.

Kwa hiyo mshikaji, ukirushwa usikotarajia, usiitukane mashine. Muulize aliyeichorea ramani, na alichora lini. Halafu kabla hujagusa herufi hata moja, soma jina la faili uliposimama. Inachukua sekunde mbili tu, na pesa za watu hazina utani!