Ndoo ya ningu aliyoleta shemeji

Masika ya mwaka jana shemeji yangu alifika kwetu Nkende, Tarime, na ndoo iliyofunikwa kwa majani ya mgomba. "Shemeji, nimekuletea ningu wa Mto Mara, wale wa zamani," alisema.

Watoto walikimbilia kuchungulia. Kijana wangu wa miaka 14 akauliza, "Mama, ningu ndiyo nini?" Yeye anajua sangara, sato na dagaa tu.

Nilipompasua wa kwanza, tumbo limejaa mayai. Wa pili vilevile.

Nikamkumbuka marehemu baba. Mvua zikianza, ningu huacha Ziwa Victoria na kupanda mito ili kutaga kwenye nyasi zilizofurika maji. Baba na wenzake waliwategea njiani, nasi tukashangilia. Hatukujua kwamba tunakula samaki wa mwaka unaofuata. Nyavu za makila kwenye midomo ya mito zilianza kuwapunguza hata kabla sangara hajapandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Leo ningu yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka duniani. Ulaya nako wanalia na samoni, anayetoka baharini kupanda mito kutaga, akakuta mabwawa, nyavu na maji machafu.

Nilimweleza shemeji. Akakunja uso. "Nisipovua mimi, atavua mwingine. Na ada ya watoto nitaitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nikapika, maana zawadi ya ndugu haitupwi. Watoto walikula wakasifu, na sifa zile zikaniuma.

Usiku nilizungumza na mume wangu. Asubuhi akamwambia mdogo wake: "Wakati wa mvua weka nyavu ndani. Chukua kipande cha shamba letu cha bondeni, ulime. Mvua zikiisha, rudi mtoni." Shemeji hakujibu siku ile. Aliondoka na ndoo yake tupu, nami nikadhani amekasirika.

Masika haya amekuja tena na ndoo. Nilifunua majani kwa woga. Vilikuwa viazi vitamu.

Msomaji mwenzangu, ukienda sokoni wakati wa mvua, mtazame samaki tumbo kabla hujatoa pesa. Ningependa wajukuu wangu wasiulize tena, "Ningu ndiyo nini?"